Kimya cha Asegelile

"Waapa au huapi?"

Bastola ya Bwana Luteni ingali juu ya meza, mdomo wake ukinielekea mimi. Kamba ingali mkononi mwa Shaushi, sajini wa askari. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji, nami sitakusimamisha mlangoni.

"Siapi," nilijibu.

"Basi mtu huyu si Asegelile."

"Sikusema hivyo, Bwana. Asegelile nilimwona mara moja tu, nikiwa mwanafunzi. Uso ninaoukumbuka ulikuwa mzima, huu umeungua. Kuapa juu ya jambo nisilolijua ni uongo, hata kama jambo lenyewe ni kweli."

"Hayo ndiyo masomo ya bweni!" Shaushi alicheka. "Mtu yuko karibu kuning'inia, mwalimu anapanga maneno."

"Mkalimani," nilimsahihisha. "Si mwalimu."

Mfungwa alikuwa amepigishwa magoti matopeni, mvua ikimchuruzika kichwani. Askari walimkamata asubuhi ile akivuka mto Songwe kutoka upande wa Waingereza, hapa Katumba tulipopiga kambi na Wajerumani. Baruti ilikuwa imemla uso. Nyusi hana, pua imeshikana na shavu, nywele zimeota viraka viraka. Vidole vya mkono wa kuume vilikuwa vimegandamana kama vya bata. Aliposema, sauti ilitoka kooni ikikwaruza, na hakuna aliyeweza kupima umri wake kwa sauti wala kwa sura.

Alirudia neno lile lile. Yeye ni Asegelile wa Ikolo, mpiga zeze. Alichukuliwa upagazi vita vilipoanza, yeye na mwanawe Andongwisye. Sanduku la baruti lililipuka Karonga. Mwanawe alifia mikononi mwake.

"Andongwisye!" Shaushi alitema mate. "Yule aliyetupa sanduku la risasi mtoni akatoroka! Kamba hii niliitunza kwa ajili yake. Kumbe kafa bila ruhusa yangu?"

Askari wakacheka. Nikamtafsiria mfungwa kwa Kinyakyusa, maana Kiswahili hakijui. Yeye hakucheka.

"Amekufa, Shaushi. Kamba yako itafute shingo nyingine."

"Imekwisha kuipata."

Na kweli ilikuwa imeipata. Amri ya Luteni haikuwa na kona: mtu atokaye ng'ambo bila kujulikana ni mpelelezi, na mpelelezi hunyongwa. Asipothibitika kuwa Asegelile, hatauona usiku. Lakini Ikolo walikwisha kumlilia Asegelile. Wapagazi waliorudi walileta habari za kifo chake, matanga yakakaliwa, chungu chake cha kupigia zeze kikavunjwa mbele ya watu. Mtu huyu alikuwa anaomba kuishi kwa jina la marehemu.

Nilimwona wapi Asegelile? Nitakueleza upesi, kwa kuwa shingo ya mtu yule ilishikiliwa na jambo nililoliona siku ile.

Ilikuwa Ikolo, miaka kadhaa kabla ya vita, siku ya harusi ya Andongwisye. Nilikuwa likizoni, shati jeupe, kola imefungwa hadi juu, nimesimama kando na wanafunzi wenzangu tukijiona tumeipita ngoma. Ndipo akatoka mtu mwembamba mwenye zeze kifuani. Aliliegemeza juu ya mdomo wa chungu kikubwa chekundu, akaketi, akaipa mgongo nyumba alimokuwa bibi harusi.

Chungu kile alikifinyanga bibi harusi mwenyewe. Naomi alikuwa binti wa Wakisi, wafinyanzi wa ufukoni chini ya milima, na alikileta kiwe zawadi kwa baba mkwe. Kwetu Unyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, halitaji jina lake, tangu siku ya ndoa hadi kaburini. Wakikutana njiani, mwanamke hujifunika, huinama, huiacha njia na kupita majanini. Baba mkwe naye hamwiti mkamwana kwa jina. Kwa hiyo Asegelile hakuweza kumwambia "ndaga" kwa zawadi ile. Shukrani yake ilikuwa kukipigia zeze.

Sauti ilitoka kama iliyo chini ya ardhi. Kola ilianza kunibana. Kisha, katikati ya wimbo, aliacha.

Mkono ulibaki hewani. Kimya.

Kilikuwa kimya cha mtu aliyefika kwenye mlango usiofungwa naye hajaamua kuingia. Nilishika pumzi hadi kifua kikauma. Mkono uliposhuka tena, watu wazima waliokunywa pombe tangu asubuhi walikuwa wanafuta machozi.

Mtu mmoja tu hakuweza kungoja: bwana harusi. Andongwisye alikuwa na ngoma ndogo pembeni ya baba yake, na kila kimya kilipofika, kofi lake liliangukia ngoma kabla ya wakati.

"Andongwisye!" vijana wakamrushia. "Umekimbizwa na nani?"

Baba akatikisa kichwa, akaanza upya. Mwana akawahi tena.

"Jamani, mfukuzeni huyo chui nyuma yake!"

Uwanja mzima ulicheka. Ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta wa mianzi, kilisikika kicheko cha mwanamke, kikazibwa haraka kwa kiganja.

Tangu siku ile kimya cha Asegelile kilinifuata. Kilinijia shuleni katikati ya sala, mchungaji alipotua kuvuta pumzi. Kilinijia kambini, kati ya mlio wa bunduki na mwangwi wake. Kila mara nilimwona mtu mwembamba ameinua mkono, na kila mara niliogopa kwamba safari hii hataushusha.

Sasa turudi matopeni.

"Niwaite wazee wa Ikolo, Bwana?" niliuliza.

"Watasema ndiye. Wote watasema ndiye, ili wamwokoe." Luteni alikijua Kiswahili vizuri, ila alikitamka kana kwamba kila neno limepigwa pasi. "Maneno ya watu wenu siyataki. Maneno hununuliwa. Hana mke?"

"Alifariki zamani. Aliyebaki ni mkamwana wake, Naomi. Lakini yeye hawezi kumtambua, Bwana. Hajapata kumwona uso."

"Waliishi mji mmoja miaka yote hiyo, na hajamwona uso?"

Nikamweleza desturi, ya macho na ya majina. Nilimweleza kwa ufupi na bila kuipamba, kwa sababu shuleni tuliambiwa ni giza la kuachwa, na mimi mwenyewe nilipata kuikemea mbele ya watu. Naomi alibatizwa, aliimba kwaya, na hakuiacha hata siku moja.

Luteni alisikiliza. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile halikunipendeza.

"Safi kabisa. Basi simwulizi neno. Ataletwa, ataamriwa aingie hapa. Akimtazama mtu huyu usoni, huyu ni mgeni, naye atanyongwa. Akijifunika na kukimbia, ndiye. Mdomo hudanganya, mkalimani. Mgongo haudanganyi."

"Nimwambie nini mwanamke?"

"Mwambie aingie. Maana ya jaribio usimwambie. Na neno lolote atakalosema, usinitafsirie hata moja. Umesikia? Hata moja."

"Nimesikia, Bwana."

Jua lilikuwa limeinama kidogo Naomi alipofikishwa. Askari walimkuta njiani akienda kuuza vyungu, hawakumpa nafasi ya kuvirudisha. Alikuja na kimoja kichwani, maji ya mvua yamejaa ndani. Nilimsimamisha nje ya ua wa matete uliozunguka uwanja wa kambi.

"Ugonile, Naomi."

"Ndaga, Yotamu. Umekuwa mnene. Wajerumani wanakulisha vizuri."

"Ndani kuna mtu anayesema ni baba mkwe wako."

Chungu kiliyumba kichwani. Akakishika kwa mikono miwili, akakishusha polepole hadi chini.

"Baba mkwe tulimzika bila mwili. Nilikivunja chungu chake kwa mikono yangu."

"Na mumeo amekufa!" Shaushi alipaza sauti kutoka langoni. "Mtafsirie hilo, msomi!"

Hilo halikukatazwa. Nililitafsiri.

Naomi hakulia. Aliyatazama maji ndani ya chungu kana kwamba kuna mtu humo.

"Nani anasema Andongwisye amekufa?"

"Huyo aliye ndani. Asema alifia mikononi mwake. Sasa umeamriwa uingie umtazame."

"Na ile kamba ni ya nani?"

"Nimekatazwa kusema."

"Umekwisha kusema." Alimwaga maji ya chungu majanini. "Yotamu, nitaingiaje? Kama ni baba mkwe, macho yangu hayaruhusiwi. Kama siye, nitajuaje kabla ya kumtazama? Ninyi mmesoma, mnadhani mtu hujulikana kwa uso tu. Mimi baba mkwe nilimsikia miaka yote. Mpelekee chungu hiki. Akipige."

"Vidole vyake vimeungua. Hawezi zeze."

"Sikutaja zeze. Nimesema akipige."

Nikaenda kwa Luteni. "Bwana, mwanamke hasemi neno la ushahidi. Anaomba mfungwa akipige chungu hiki, naye asikilize akiwa nje."

Luteni aliwaza. "Chungu si maneno," alisema. "Apige."

Nilikiweka chungu mbele ya mfungwa. Alikigusa ukingo, akapapasa mistari iliyochorwa shingoni mwake, na macho yake yasiyo na kope yakainuka kunitazama.

"Nani amekileta?"

"Aliyekifinyanga."

Hapo hapo akageuka katika matope, akaupa ua wa matete mgongo, kama alivyofanya mtu yule wa zamani.

Akaanza. Kiganja kilichoungua kiliuziba na kuuachia mdomo wa chungu, vidole vizima vya mkono wa kushoto vikigonga ubavuni. Zeze halikuwepo, lakini wimbo ulikuwepo. Niliujua. Askari waliokuwa wakitafuna ndizi waliacha kutafuna. Sauti ilipanda kutoka ardhini kama ya mtu anayezungumza akiwa amefukiwa, nami nikarudi kuwa kijana mwenye kola, na mtu mwembamba akainua mkono.

Mkono ukabaki hewani.

Kimya kikaingia kambini. Mvua nayo ilionekana kujizuia. Nikashika pumzi, tayari kwa maumivu yale ya kifuani.

Kofi likaanguka.

Mapema mno. Kifua changu kilikuwa bado hakijaanza kuuma.

Nilimtazama Naomi nje ya lango. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na juu ya kiganja macho yalikuwa yamefunguka wazi. Nikamsogelea. Alininong'oneza kwa Kinyakyusa, neno moja likanitosha:

"Siye."

Msomaji, jiweke mahali pangu. Mtu amebakiwa na hatua za mwanamke mmoja kati yake na kamba. Mwanamke huyo amejua kwamba ni mwongo, na sasa anaweza kumtazama bila hatia yoyote ya desturi.

"Aingie!" Luteni aliamuru.

Naomi alifungua kitenge kilichokuwa mabegani. Akakivuta juu ya kichwa, juu ya uso, hadi kidevuni. Akaingia langoni ameinama, mikono magotini. Alipofika mbele ya mfungwa aliiacha njia, akazunguka kwa mbali kwenye majani marefu, kitenge kikilowa, uso hata mara moja haukuelekea upande ule, akatokea lango la pili na kupotea migombani.

Hakuna mke wa Kinyakyusa aliyepata kumpisha baba mkwe kwa heshima kubwa zaidi.

Luteni alipiga meza kwa kiganja. "Ndiye! Mwachieni."

"Bwana!" Shaushi aliruka. "Mwanamke alinong'ona! Nimemwona! Mwulize mkalimani wako kasema nini!"

Macho ya Luteni yakanigeukia. Bastola ilikuwa pale pale.

Sikupata kupotosha neno la mtu tangu nianze kazi ile. Si kwa hongo, si kwa kiboko. Shuleni tuliapishwa juu ya jambo hilo, na waliokula kiapo wakakivunja sikuwasalimia tena. Kama Luteni angeniuliza, ningejibu. Na mtu yule angekufa kwa kinywa changu.

"Mkalimani. Alinena?"

"Alinena, Bwana."

"Nini?"

"Bwana uliniamuru nisitafsiri hata neno moja. Ulisema hukumu itatoka kwa mgongo, siyo mdomo. Amri hiyo umeifuta?"

Shaushi alitoa sauti ya mbwa aliyekanyagwa. Luteni hakusogea. Alikuwa mtu katili, lakini alipenda kujiona mtu wa utaratibu, na watu wa namna hiyo huona aibu kuvunja amri yao wenyewe mbele ya askari wao.

"Sijaifuta," alisema mwishowe.

Nilipumua.

"Ila mzee huyu hatakwenda huru kama kuku," aliendelea. "Ataishi kwa mkamwana wake, Ikolo. Shaushi, utakaa nao. Uhodari wenu wa desturi nimekwisha kuuona. Sasa nitazame kama unadumu. Siku yoyote mwanamke yule akimtazama mtu huyu usoni, iwe jikoni, iwe shambani, nimedanganywa. Hutaniuliza. Utamnyonga hapo hapo, na mwanamke utaniletea."

"Kwa furaha, Bwana," Shaushi alisema, akaizungusha kamba kiunoni.

Nilikichukua chungu nikatoka mbio kumfuata Naomi.

Nilimkuta njia ya Ikolo, kati ya migomba, anatembea kama mtu anayeota. Kitenge kilikuwa kimeshuka mabegani na uso ulikuwa wazi, umelowa, na sikuweza kutenganisha mvua na machozi.

"Chungu chako."

Akakipokea bila kunitazama.

"Naomi, uliniambia siye. Kisha ukajifunika. Umemwokoa mwongo. Umeitumia heshima ya marehemu kwa mtu baki! Kwa nini?"

"Siye, Yotamu. Baba mkwe alijua kungoja."

"Hata mimi nilisikia. Aliwahi."

"Aliwahi." Midomo yake, kwa mshangao wangu, ilitaka kucheka. "Ulikuwepo harusini kwangu, ulisimama na wenzako mmekaza shingo kama mabatamzinga. Umesahau vijana walivyokuwa wakipiga kelele? Umekimbizwa na nani?"

Niliukumbuka ule uwanja uliocheka, na bwana harusi mwenye ngoma ndogo.

Mtu aliyetupa sanduku la risasi mtoni. Mtu ambaye kamba ilitunzwa kwa ajili yake. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Shaushi mwenyewe na kujitangazia kifo chake, akavaa jina la baba yake kama mtu anayejifunika nguo ya maiti.

"Andongwisye," nilisema.

"Usilitaje!"

"Kwa hiyo mzee..."

"Mzee amekufa kweli. Nimekisikia kifo chake ndani ya kile kimya. Kilikuwa kifupi mno, Yotamu. Aliyekuwa akikijaza hayupo tena." Aliubana ukingo wa chungu kifuani. "Lakini mume wangu yu hai. Atarudi nyumbani. Nitampikia."

Ikanibidi nimweleze. Nilimweleza amri yote, jikoni na shambani, na Shaushi atakayekaa nao. Niliuangalia uso wake ukibadilika kadiri maneno yalivyoingia, hadi nikatamani ningekuwa bubu. Amejifunika mbele ya kambi nzima. Amemfanya mumewe kuwa baba mkwe. Tangu saa ile, mtu aliyemngojea misimu yote ile ataishi uani kwake, na siku atakayomtazama ndiyo siku atakayomwua.

"Hata mara moja?" aliuliza. "Uso wake ulivyoungua... sijauona. Nilipita nimefumba macho, nikiogopa nitalia. Hata mara moja, Yotamu?"

Niligeuka kuitazama njia ya kambini.

Nyuma yetu matope yalianza kulia chini ya viatu. Walikuwa wanakuja: hatua nzito za Shaushi, na mbele yake hatua nyingine, nyepesi, za mtu aliyeponea kamba na ambaye hajaambiwa bado kwa Kinyakyusa sharti aliloachiwa nalo.

"Jifunike," nilimwambia. "Usigeuke."

Mikono yake ilikuwa imejaa chungu. Uso wake ulikuwa wazi.

"We mwanamke!" Shaushi aliita. "Ngoja! Mzee wako huyu hapa!"

Naomi alizidisha mwendo.

Ndipo ikaja sauti ya pili. Ilitoka kwenye koo lililoungua, na haikuita mkamwana wala binti. Iliita kama mume anavyoita akitoka shamba, akiwahi kama alivyowahi siku zote, bila kungoja mtu yeyote amwambie kwamba bado:

"Naomi."

Hatua za Shaushi zikakoma. Naye alikuwa amenisikia leo hii, mbele ya meza ya Luteni, nikieleza kwamba baba mkwe halitamki jina hilo.

Naomi alisimama katikati ya njia, ametugeuzia mgongo. Kimya kikashuka juu ya migomba, kile kile cha zamani, na kati yetu sisi wanne ni yeye peke yake aliyepaswa sasa kukibeba bila kuwahi.

Chungu kikaanza kumponyoka mikononi.